Maisha ya Mchungaji William Passavant, Mtunza Wagonjwa wa Pittsburgh

Katika nchi ya Marekani, upande wa mashariki, liko jimbo liitwalo Pennsylvania. Magharibi ya jimbo hilo uko mji mkubwa wa Pittsburgh, mahali ambapo mto Allegheny na mto Monongahela hukutana na kuwa mto mmoja, ndio Ohio. Siku hizi wagonjwa wengi wa nchi ile hutunzwa katika hospitali za shirika moja kubwa lililofungamana na Chuo Kikuu cha Pittsburgh, nalo kwa kifupi huitwa UPMC. Hospitali zake zapita 40, nazo zimeenea katika sehemu nyingi za jimbo, hata nje ya mipaka yake. Shirika hilo si la kutafuta faida, maana yake hakuna wenye hisa wanaogawana mapato yake mwisho wa mwaka.

Moja ya hospitali hizo huitwa Passavant. Katika maelfu waingiao mlangoni mwake, si wengi wajuao kwamba jina hilo ni la mchungaji wa Kilutheri aliyeianza kazi hiyo katika nyumba ya kupanga, bila fedha na bila wauguzi. Yafaa tumjue mtu huyu, kwani maisha yake yamejaa swali moja ambalo halijaisha hata leo: mgonjwa asiye na mali na asiye na ndugu ni wa nani?

William Alfred Passavant alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Zelienople, kaskazini ya Pittsburgh. Jamaa zake walikuwa watu wa Frankfurt katika Ujerumani, na wazee wao wa kale walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa. Babu yake mzaa mama, Bwana Basse, alinunua nchi nyingi katika msitu ule, akajenga mji, akauita kwa jina la binti yake, ambaye nyumbani waliita Zelie. Binti huyo ndiye mama yake William. Baba yake alikuwa mfanya biashara. Basi kijana huyu hakuzaliwa katika umaskini. Lakini mama yake alikuwa mtu wa sala na wa huruma, na tangu utoto alimzoeza mwanawe kuwatazama wenye shida wala asigeuze uso.

Alipokuwa amekua alikwenda kusoma katika chuo cha Jefferson, mjini Canonsburg, akamaliza mwaka 1840. Kisha akaingia chuo cha wachungaji cha Gettysburg, akamaliza mwaka 1842. Kwanza alitumikia usharika karibu na mji wa Baltimore, na mwaka 1844 akaitwa Pittsburgh, kuwa mchungaji wa usharika wa kwanza wa Walutheri waliosali kwa Kiingereza mjini humo. Mwaka 1845 akamwoa Eliza Walter wa Baltimore. Mwaka huo huo makanisa ya upande ule yakaungana kuwa Sinodi ya Pittsburgh, na Passavant alikuwa mmoja wa walioitengeneza. Sinodi hiyo ilikuwa na bidii nyingi ya kuwatafuta Walutheri waliotawanyika katika mashamba na misitu, na mara nyingi yeye mwenyewe alipanda farasi kuwafuata.

Yatupasa kufahamu jinsi Pittsburgh ulivyokuwa siku zile. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe, wa chuma na wa vioo, wenye moshi mwingi. Kila juma watu wapya waliingia kwa merikebu za mto, wengi wao wametoka Ujerumani na Ireland kutafuta kazi. Mtu mwenye nyumba yake alipougua, aliuguzwa na mkewe au mama yake, naye mganga alimjia nyumbani. Lakini msafiri, kibarua na mgeni asiyejua lugha walikuwa hawana kitanda wala mtu wa kuwapa maji. Mjini hapakuwa na hospitali hata mwaka 1847, ndipo masista Wakatoliki wa shirika la Mercy, waliotoka Ireland, walipofungua hospitali yao. Mwaka uliofuata homa kali iliingia, na baadhi ya masista wale wakafa kwa kuwauguza wagonjwa. Passavant aliyaona hayo. Aliona pia kwamba Waprotestanti wa mji, ingawa walikuwa wengi na baadhi yao matajiri, hawakuwa wamefanya kitu.

Mwaka 1846 alisafiri kwenda London kwa mkutano mkubwa wa Wakristo wa makanisa mbalimbali. Mkutano ulipokwisha akavuka kwenda Ujerumani, akafika Kaiserswerth, mji mdogo kando ya mto Rhine. Huko alikuwako Mchungaji Theodor Fliedner. Usharika wa Fliedner ulikuwa maskini sana, maana kiwanda kilichowalisha watu wake kilikuwa kimefilisika, naye ikampasa kuzunguka katika Uholanzi na Uingereza akiomba sadaka. Katika safari hizo alijifunza mengi juu ya wafungwa na wagonjwa. Mwaka 1833 yeye na mkewe Friederike walimpokea mwanamke aliyetoka gerezani, wakamlaza katika kibanda cha bustani yao. Mwaka 1836 wakafungua hospitali na nyumba ya madiakonisa, yaani wanawake Wakristo waliojitoa kwa kazi ya kuwatunza wagonjwa, maskini na watoto.

Kazi ya madiakonisa ilikuwa na taratibu yake. Mwanamke alipokewa kwanza kwa kujaribiwa, akafundishwa kuuguza kwa maarifa: usafi, dawa, chakula cha mgonjwa, na jinsi ya kukesha. Alivaa nguo za namna moja na wenzake. Hakupata mshahara, ila chakula, mavazi na fedha kidogo za matumizi. Na alipougua au kuzeeka, nyumba ile ilimtunza kama mama. Hakufungwa kwa nadhiri ya maisha. Akitaka kurudi kwao au kuolewa, aliweza kwenda kwa amani. Florence Nightingale, mwanamke Mwingereza aliyesifiwa sana kwa uuguzi, naye alijifunza huko mwaka 1851. Basi Passavant alipoona mambo hayo, moyo wake ulifungwa nayo. Akamwomba Fliedner ampe madiakonisa kwa ajili ya Pittsburgh, kisha akarudi nyumbani.

Aliporudi hakungoja mpaka fedha zipatikane. Mwaka 1848 alianza kutoa gazeti la kanisa, akawaeleza wasomaji habari za wagonjwa, yatima na misheni, akaomba msaada wao. Akapanga nyumba katika mji wa Allegheny, ng'ambo ya mto. Nyumba ilikuwa tayari, lakini madiakonisa walikuwa hawajafika. Hata Januari mwaka 1849 akapata habari ya askari waliokuwa wakirudi kutoka vita vya Mexico, wameletwa kwa merikebu ya mto nao ni wagonjwa sana, wala hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Passavant akaenda pamoja na kijana mmoja mwanafunzi wa uchungaji, wakawachukua, wakawalaza katika nyumba ile. Kwa kuwa hapakuwa na wauguzi, wao wenyewe waliwaosha, wakawalisha, wakakesha nao usiku. Ndivyo hospitali ilivyofunguliwa. Hapakuwa na sherehe. Palikuwa na mchungaji aliyeshika beseni la maji.

Haukupita muda mrefu majirani wakalalamika. Waliogopa magonjwa ya kuambukiza, nao hawakutaka nyumba ya namna hiyo karibu na milango yao. Hofu yao haikuwa ya upumbavu, kwani mwaka huo kipindupindu kilikuwa kikitembea katika miji ya Marekani, na wakati ule hakuna aliyejua kwamba ugonjwa huo huenea kwa maji machafu. Passavant hakuwashitaki wala hakuifunga kazi, bali akatafuta mahali pengine. Hospitali ikahamia juu ya kilima upande wa Pittsburgh, nayo ikakaa katika sehemu hiyo ya mji zaidi ya miaka 100.

Mwezi wa Julai 1849 Fliedner mwenyewe akafika kutoka Ujerumani pamoja na madiakonisa wanne. Tarehe 17 Julai hospitali ikawekwa wakfu. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kuitimiza: kila mgonjwa apokewe, wala asiulizwe kwanza dini yake au nchi yake, na maskini atunzwe bila malipo. Mwaka 1850 Louisa Marthens akawekwa wakfu, naye ndiye diakonisa wa kwanza kuwekwa wakfu katika Marekani. Kipindupindu kilipoipiga Pittsburgh kwa nguvu mwaka 1854, watu wenye uwezo walikimbia mji. Madiakonisa walibaki vitandani pa wagonjwa.

Pamoja na wagonjwa wakaja yatima. Baba au mama alipofia hospitalini, mtoto wake aliachwa mlangoni, na nani angeweza kumwambia aondoke? Basi mwaka 1852 nyumba ya yatima ikaanzishwa, na mwaka 1854 wavulana wakahamishiwa Zelienople, mji aliozaliwa Passavant, wakapata shamba la kulima na shule ya kusoma. Wasichana nao wakajengewa nyumba yao katika mji wa Rochester, kando ya Ohio.

Mwaka 1855 Passavant akauacha usharika wake wa Pittsburgh. Haikuwa jambo rahisi, maana alipendwa, na mshahara wa usharika ulikuwa ndio mshahara wa uhakika. Lakini aliona hawezi kuzitimiza kazi mbili. Tangu siku hiyo alikuwa msafiri. Alipanda magari ya moshi kutoka mji hata mji, akihubiri, akiomba sadaka, akirudi na mifuko ya nguo na viatu vya watoto. Hakupenda kuweka akiba kubwa ya fedha kwa ajili ya nyumba zake. Aliamini kwamba Mungu alishaye ndege atawalisha na yatima. Mara nyingi sadaka ilifika siku ile ile iliyohitajiwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, madiakonisa wa Pittsburgh walikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliokuwa wamefundishwa uuguzi. Baadhi yao wakaenda kuwauguza askari chini ya Dorothea Dix, aliyepewa na serikali kazi ya kuwasimamia wauguzi wa kike. Vita vile viliwafumbua macho watu wengi. Hapo kwanza walidhani kuuguza si kazi ya mwanamke mwenye heshima, na sasa wakaona askari wanavyokufa kwa kukosa mtu wa kuwaosha vidonda.

Passavant akaendelea. Mwaka 1863 akafungua hospitali Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 1865 akafungua nyingine Chicago. Mwaka 1866 ikaanzishwa shule ya shamba kwa yatima katika Mount Vernon, karibu na New York. Mwaka 1875 ikafunguliwa hospitali Jacksonville, katika jimbo la Illinois. Wala hakusahau elimu: kwa sadaka ya Mkristo mmoja wa Pittsburgh, Louis Thiel, shule ilianza mwaka 1866, nayo ikakua kuwa chuo cha Thiel katika mji wa Greenville, mahali ambapo wavulana na wasichana walisoma pamoja. Na mwaka 1891, katika uzee wake, aliona chuo cha wachungaji kikifunguliwa Chicago, kazi aliyoitamani miaka mingi.

Msomaji akihesabu nyumba hizo zote, aweza kudhani kwamba kila kitu kilimfanikia mtu huyu. Sivyo. Mwezi wa Oktoba 1871 moto mkubwa uliiteketeza Chicago, na hospitali yake ikaungua pamoja na maelfu ya nyumba. Hakuweza kuisimamisha tena upesi. Miaka zaidi ya kumi ikapita kabla ya mlango wake kufunguliwa tena.

Lakini huzuni yake kubwa ilikuwa nyingine. Alikuwa ametumaini kwamba wanawake wa makanisa ya Marekani wangekuja kwa wingi kuwa madiakonisa, kama walivyokuja katika Kaiserswerth. Hawakuja. Waprotestanti wengi walipoona wanawake wenye mavazi ya namna moja wakikaa nyumba moja, walisema hao ni watawa wa Kikatoliki kwa jina jingine. Wazazi waliwazuia binti zao. Baadhi ya walioingia walitoka, wakaolewa au wakafanya kazi nyingine, na kwa kanuni ya nyumba hakuna aliyeweza kuwalaumu. Hivyo kwa miaka 40 idadi ya madiakonisa wake ilibaki ndogo, nao waliobaki walichoka kwa kazi za watu wawili au watatu. Nyumba za madiakonisa zenye nguvu zaidi zilikuja nyuma, kama ile ya Philadelphia iliyoanza mwaka 1884 kwa msaada wa tajiri Mlutheri, John Lankenau. Passavant alilima shamba, na mavuno mengi yalikusanywa na wengine.

Tena yafaa tuseme kweli, maana kumsifu mtu kupita kiasi si kumheshimu. Mambo mengi mno yaliutegemea mwili wa mtu mmoja. Hospitali, nyumba za yatima, shule, magazeti na mashauri ya sinodi, yote yalimngoja yeye. Alipokuwa safarini, barua zilirundikana mezani. Katika mambo ya mafundisho pia alibadilika. Alipokuwa kijana alipenda mikutano ya uamsho na desturi za makanisa mengine; alipokomaa akarudi kwa nguvu katika Maungamo ya Kilutheri, na mwaka 1867 alikuwa upande wa wale walioliunda Baraza Kuu la Walutheri waliotaka kuyashika Maungamo hayo. Marafiki wengine wa zamani hawakufurahi. Lakini hakuwahi kuona kwamba kulishika fundisho sahihi kwamruhusu mtu kumpita aliyelala njiani, kama walivyofanya kuhani na Mlawi katika mfano wa Msamaria Mwema.

Alifariki Pittsburgh tarehe 3 Juni 1894, mwenye umri wa miaka 72, akazikwa Zelienople. Mwanawe, aliyeitwa William kama baba yake na aliyekuwa mchungaji pia, akaendelea na kazi. Hospitali ya Chicago ikaitwa kwa jina la marehemu. Mwaka 1972 iliunganishwa na hospitali ya Wesley, zikawa Northwestern Memorial, hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Northwestern. Kazi ya yatima ya Zelienople iko hata leo kwa jina la Glade Run, nayo huwatunza watoto na jamaa zao.

Hospitali ya Pittsburgh nayo iliiacha kilima mwaka 1964, ikahamia McCandless, kaskazini ya mji. Mwaka 1997 ikajiunga na shirika la UPMC. Na mwaka 2008 hospitali ya Mercy, ile ya masista Wakatoliki, nayo ikaingia katika shirika lile lile, ingawa imebaki hospitali ya Kikatoliki. Basi nyumba mbili zilizoanza miaka miwili mbalimbali, moja kwa mikono ya masista na moja kwa mikono ya mchungaji wa Kilutheri, sasa zimekuwa chini ya dari moja. Waanzilishi wao wasingaliamini.

Kuungana huko kuna faida zake. Chuo kikuu huleta maarifa ambayo usharika mmoja hauwezi kuyapata. Ni katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh Daktari Jonas Salk na wenzake walipotengeneza chanjo ya ugonjwa wa kupooza watoto, iliyotangazwa mwaka 1955 kuwa yafaa; na ni huko Daktari Thomas Starzl alipokuja mwaka 1981, akaendeleza kazi ya kumpa mgonjwa ini la mtu mwingine. Upendo usio na maarifa waweza kumwua mgonjwa, na Passavant mwenyewe alilijua hilo. Ndiyo sababu alitafuta wauguzi waliofundishwa.

Lakini ukubwa huleta swali.  Mwaka 2013 mji wa Pittsburgh ulilipeleka shirika la UPMC mahakamani, ukisema kwamba shirika lenye mapato makubwa namna ile halistahili tena kusamehewa kodi kama nyumba ya sadaka. Shirika lilikataa hoja hiyo, na mwaka 2014 mji ukaiacha kesi. Mahakama haikutoa hukumu juu ya jambo lenyewe, na watu wa pale wangali wakishindana kwa maneno: hospitali isiyo ya faida yawiwa nini na maskini wa mji wake?

Wasomaji wa nchi zetu wasidhani kwamba neno hilo ni la mbali. Mfano wa Kaiserswerth uliofika Pittsburgh ndio uliofuatwa pia huko Bethel katika Ujerumani, na kutoka Bethel walikuja wamisionari wa Usambara. Katika Moshi iko hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, nayo ni hospitali ya kanisa iliyofungamana na chuo kikuu; na katika mji uo huo wako masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema. Kila mahali ambapo hospitali ya kanisa hukua, gharama nazo hukua. Na siku moja karani aliye mlangoni huulizwa kama amfungulie asiye na kitu.

Passavant hakutuachia kitabu cha kujibu swali hilo. Alituachia mfano wa kitendo, nao si wa mtu mwenye mali. Askari wale wa Mexico walipofika hakuwa na daktari wa kudumu, hakuwa na madiakonisa, wala hakuwa na fedha za mwezi ujao. Alikuwa na nyumba ya kupanga, mwenzake mmoja, na usiku mzima wa kukesha. Mwalimu wa usharika aliye mbali na hospitali, mwenye wagonjwa watatu katika mtaa wake na baiskeli moja, asiseme kwamba kazi hii ni ya watu wakubwa. Ilianzia mahali kama pale alipo yeye.